Uso Chini ya Miguu ya Kali

Basohli

Kaka Jagtu,

Nakugusa miguu kwa heshima, ingawa niko huku mbali. Sisi wazima, mbuzi amezaa, na Rano kang'oka jino tena.

Picha ninayoichora hekaluni, ya Mama Kali, mungu wetu wa kike, imebaki macho tu. Desturi yetu unaijua: macho huchorwa mwisho, kwa mfungo na kwa moyo safi. Jana mke wangu aliitazama pale pichani ile maiti anayoikanyaga Kali, akacheka: "Baba Rano, mbona huyu ni shemeji kabisa, mpaka kovu la kidevuni!" Kuhani naye akafurahi: "Heri yake Jagtu! Kulala chini ya miguu ile ni neema."

Kaka, sikukuchora kwa heshima. Mama yetu alipofariki, hukuja kuwasha moto wa kuchoma mwili wake, kazi ya mtoto wa kwanza, nikauwasha mimi. Nilitaka ukanyagwe, na huku mdomo wangu unasoma dua! Naona aibu hata kuingia hekaluni.

Uso wako nimeufuta, nimeweka wangu. Sikukuu imekaribia, lakini macho ya Kali bado meupe. Mkono wangu haukubali. Njoo unisamehe, ndipo niyafungue.

Mdogo wako,
Dhanu