Kadi ya Bure Niliyopewa Huku

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba, maana najua ukiifungua barua hii utaniamkia hata kabla hujakaa. Hapo Sengerema hamjambo? Miguu yako imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila baridi ya Uingereza inaingia hadi kwenye meno. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu ni ya mwanangu Neema, na haya sitaki ayasikie.

Nimepewa kadi yenye picha yangu. Wazee huku wanapanda basi bure. Neema aliniletea akicheka, "Mama, sasa tembea utakavyo." Mimi sikucheka. Bure ya kwetu naijua: ni kanga za kampeni, na anayekupa unajua anataka kura. Hawa wanataka nini kwangu? Siku ya kwanza dereva hata hakunitazama. Kadi ikalia kwenye mashine, nikapita. Nikakaa karibu na mlango, nauli nimeifumbata, nikimngoja konda aje anidai mbele za watu. Konda hakuna. Nilishuka bado naangalia nyuma.

Nikazoea kidogo. Juzi nikakaa na bibi mmoja Mkenya, mtu wa maneno mengi. Nikamweleza kwamba nimekuja kulea mjukuu tu, akianza shule narudi kwetu. Akaitazama kadi yangu.

"Mama, hii hawampi mgeni. Hii ni ya mtu anayekaa hapa. Wewe umeshahamia."

Kabula, nilipitiliza kituo.

Neema nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikaiweka kadi mezani. "Zile karatasi ulizonisainisha zilikuwa za nini?"

Akaweka kisu chini, akasema, "Mama, kule utabaki na nani? Nilitaka nikwambie taratibu. Mama mdogo anajua. Hata mwanawe na mkewe wameshahamia kwenye nyumba yako."

Mama mdogo ndiye wewe. Kila Jumapili kwenye simu unaniambia habari za mvua na mahindi, hili hukuniambia. Limeniuma kuliko la Neema. Yeye ni mtoto, anaogopa nitakufa peke yangu. Wewe unaogopa nini? Au nyumba imekupendeza?

Sijui nani alianza kumshawishi mwenzake, kwa sasa wote siwaamini. Nimemwambia Neema anikatie tiketi. Analia, na mjukuu ameng'ang'ania gauni langu. Nawapenda, lakini sikuaga watu kama mtu asiyerudi. Hata kaburini kwa mume wangu nilisema narudi.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, kama bado anafuata ng'ombe mwenyewe, na mkewe, wifi yetu mpole. Nisalimie na katekista aliyeniombea safari. Mwanao naye msalimie, ila mwambie asikizoee kitanda changu.

Mimi dada yako, ambaye hajahama,

Milembe