Mkwe Wangu Anafundisha kwa Vibanio vya Nguo, na Mimi Nimewaahidi Wazazi Maandishi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ujue kwamba anayekuomba si mtu wa kuombaomba, maana mimi nimeendesha semitrela tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nimevuka mipaka ambayo wenzangu wanaiona kwenye ramani tu, nimelala chini ya lori mvua ikinyesha nikaamka nacheka, na lugha ninazoweza kuombea maji ya kunywa nimeacha kuzihesabu. Darasani nilikaa kidogo nikatoka mapema, barabara ilikuwa inaniita, lakini akili za kuishi na watu ninazo za kunitosha na nyingine naazima majirani. Sasa mgongo umeniomba nipumzike, nikajenga chekechea nyuma ya nyumba yangu, vyumba viwili na uwanja, milango nimeipaka rangi ya machungwa ileile ya lori langu la mwisho, watoto wananiita Babu Gia, na mtu akikwambia mtaa huu hanijui basi kahamia jana.

Mwalimu sikwenda kumtafuta mbali. Ni mke wa mwanangu wa pili, kasomea kazi hiyo chuoni, mpole, shikamoo yake inanifikia kabla sijafungua jicho la pili. Shida yangu ni kwamba hafundishi kama ninavyojua mimi kufundisha. Mimi ninachojua ni ubao, chaki na fimbo ya kuonyeshea, watoto wanaimba a, e, i, o, u mpaka jirani naye anakariri bila kulipa ada. Mkwe wangu kaweka beseni la maji na majagi, mchanga, ndoo ya vifuniko vya chupa, mabaki ya mbao niliyomlainishia mimi mwenyewe, na kamba ya kuanikia nguo kaifunga chini, usawa wa kifua cha mtoto. Basi watoto wa miaka mitatu wanashinda pale, wanabana vitambaa kwa vibanio, wanabandua, wanabana tena. Nikamwuliza, "Mwanangu, hapa tunasomesha au tumefungua udobi?" Akacheka, akasema, "Baba, hapo ndipo wanapoanza kuandika." Nikasema moyoni, mtoto wa watu jua limempiga.

Lakini mshauri, mimi ni mtu wa kusema kweli hata inaponichoma, nikaanza kumtazama kazi yake na nikaona mambo. Kila Ijumaa watoto wakishakwenda kwao anakaa kwenye kiti chao kidogo, magoti karibu yaguse masikio, anapanga wiki inayokuja, na hapangi kwa kukisia, anapanga kwa alichokiona. Nani ameruka kwa mguu mmoja na nani bado anashika ukuta, nani anaomba zamu na nani ananyang'anya, nani wiki nzima hakusema neno ila anaimba akiwa peke yake chooni. Wiki moja somo lilikuwa vyombo vya usafiri, nami nilikuwa mgeni rasmi, nimefua kofia yangu ya safari, nimejipanga kuwasimulia watoto hadi wasahau kwenda nyumbani. Ijumaa ya kabla yake mvua ikanyesha, watoto wakaona konokono ukutani, wakachuchumaa pale hawabanduki. Jumatatu nafika na kofia yangu, vyombo vya usafiri havipo, wanapima konokono kwa uzi, wanamtafutia majani, wanabishana kama nyumba yake ina mlango. Mimi niliyepanda milima na tani za saruji nimeng'olewa na konokono. Na niliumia, lakini sijawahi kuona watoto wamenyamaza namna ile bila kutishwa.

Au ile ndoo ya vifuniko. Wadogo kabisa wanajaza na kumwaga, basi, wameridhika. Wanaowafuata anawaacha watenge vyekundu na vya buluu. Wale wanaokaribia darasa la kwanza wanagawiana, halafu wanagombana nani kapata vingi, na ugomvi wenyewe wanaumaliza kwa kuhesabu. Nikamwambia, "Sasa si ununue vifaa tofauti, watu waone tunafanya kazi?" Akasema, "Kifuniko ni kilekile, Baba. Mtoto ndiye tofauti." Nilikwenda kumsimulia mke wangu kama mtu aliyetoka kusikia redio.

Sasa ngoja nikupe aibu yangu, bado mbichi. Ng'ambo ya barabara kuna shule ambayo watoto wa miaka minne wanabeba mabegi makubwa kuliko mgongo na wanaimba jedwali la kuzidisha. Kwenye kikao chetu cha wazazi akasimama baba mmoja, hajawahi kuonekana bila tai, hata akija kumchukua mtoto jua likiwa kali, akasema, "Mwanangu tangu aje hapa hajaleta nyumbani hata a moja. Analeta mchanga kwenye viatu." Ukumbi ukacheka. Mshauri, mimi kuchekwa sijazoea, mimi ndiye ninayechekesha. Nikasimama, damu imepanda, nikatangaza kwamba siku ya wazazi, mwisho wa muhula, kila mtoto, hata yule mdogo kuliko wote, atapanda ubaoni aandike jina lake na ahesabu hadi wazazi waseme basi. Wakapiga makofi. Mkwe wangu alikuwa kakaa nyuma yangu, na mimi sikugeuka.

Kesho yake nikaleta madawati marefu kutoka kwa seremala na boksi la penseli. Asubuhi moja mkwe wangu akampeleka kichanga chake kliniki, nikasema hii ndiyo nafasi, nikashika darasa mimi. Nikawapanga kwenye madawati, miguu inaning'inia, nikagawa penseli. Mmoja akajikuna nayo sikioni, mmoja akala kifutio, mapacha wakaanza kuchezeana panga, na mjukuu wangu mwenyewe, mtoto wa huyu mwalimu, ana miaka mitatu, akaikamata penseli kwa ngumi nzima, akakandamiza hadi karatasi ikachanika. Akaniangalia. Akaiweka penseli chini ya paja, akasema, "Babu, mkono wangu haujui." Mdomo ukaanza kucheza, akalia, na wenzake wakapokea, na kilio cha chekechea hakina kiitikio, wote ni waimbaji wakuu. Mkwe wangu akarudi, akasimama mlangoni. Akavua viatu, akavuta beseni katikati, akakaa sakafuni, akaanza kukamua sponji. Taratibu. Mmoja akashuka kwenye dawati, mwingine akashuka. Nimeona askari wa mpakani wakituliza fujo kwa bunduki, sijawahi kuona mtu anatuliza fujo kwa sponji.

Halafu likaja la shati. Vidole vyangu vimekauka kwa usukani na kukaza kamba za turubai, asubuhi ya baridi havikunjiki, mke wangu ndiye hunifunga vifungo, na hilo nakwambia wewe tu. Siku hiyo alikuwa jikoni, nikakaa kitandani namsubiri. Mjukuu akaingia, akapanda kando yangu, akaanza kunifunga, ulimi nje, anapumua kama anasukuma gari. Akaruka kimoja, akakiona, akafungua, akarudi. Nikamwuliza, "Nani kakufundisha?" Akasema, "Vibanio." Mshauri, nimezeeka, lakini machozi yaliyonitoka hayakuwa ya uzee.

Mke wangu kanikaripia. Kasema, "Umeahidi watu vidole visivyo vyako. Na ole wako uniharibie mkwe." Siku ya wazazi ni wiki ijayo. Nisipoonyesha maandishi, yule baba wa tai kasema anamhamishia mwanawe ng'ambo ya barabara, na akiondoka yeye watamfuata, na chekechea isiyo na watoto ni stoo yenye milango mizuri. Nikiyaonyesha, mkwe wangu kaniambia, macho chini kwa heshima, "Baba, shule ni yako. Ukiniamuru nitawapanga ubaoni. Ila baada ya hapo nitabaki kuwa mkweo tu, mwalimu wao sitakuwa." Nami sitaki kumpoteza, kwa sababu katika nchi zote nilizopita sijaona fundi kama yule. Lakini neno langu halijawahi kurudi nyuma, hata lori nilikuwa naliegesha pale nitakapotokea mbele. Nifanyeje?

Ni mimi Babu Gia, mwenye milango ya machungwa.

MSHAURI ANAJIBU

Babu Gia, nimekusoma nikicheka, halafu nikafika kwenye shati nikaweka kikombe chini. Wewe ni mtu mwenye moyo mkubwa na mdomo unaoufuata kwa ukubwa. Pole kwa kuchekwa. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Ulichowafanyia wale watoto ungelifanyia lori lako? Ungelipakia tani lisizoweza kubeba, ukalipeleka mizani, halafu ukashangaa linazuiwa? Ungeanza mlima na gia ya juu? Usingethubutu, maana lori ulilijua. Basi mkweo naye anajua anachoendesha. Mtoto wa miaka mitatu si mtu mzima mfupi. Mkono wake bado unajengwa, na anayebana kibanio, anayekamua sponji na kumimina maji bila kumwaga anaujenga mkono huohuo utakaoshika penseli. Mjukuu wako alikupa jibu lote kwenye dawati, ukamsikia akilia, hukumsikia anachosema. Alipokufunga shati ndipo ukasikia. Haya, umesikia, nashukuru, wengi hawasikii kabisa.

Na mwanamke huyo, babu wewe, umemsifia vizuri kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kumsoma, lakini umenisifia mimi. Yeye umemwambia lini? Nimepitia barua yako yote, sijaona. Sifa umempelekea mke wako jikoni, mwenye sifa ukampelekea madawati. Ijumaa hii watoto wakishaondoka, nenda ukakae kwenye kiti kidogo mbele yake, mgongo ulie unavyotaka kulia, umwombe msamaha kwa lile tangazo na kwa kulishika darasa lake asubuhi ile bila kumwambia. Usichanganye na utani. Kisha mwambie, "Siku ya wazazi ipange wewe." Ukishasema hivyo, nyamaza. Najua itakuuma kuliko mgongo.

Siku yenyewe usiifute. Akikubali mwalimu, ningefanya hivi. Hayo madawati marefu yatoe uwanjani, hatimaye yamepata kazi, wakalie wazazi. Wewe fungua kikao, maneno machache, useme ahadi ile ilikuwa yako peke yako, uliitoa kwa hasira, mwalimu hakuwamo, na unaiondoa. Unasema neno lako halirudi nyuma. Dereva asiyejua kurudi nyuma anakaa njiani hadi leo. Kisha mpe kila mzazi kalamu, aandike jina lake kwa mkono asioutumia, haraka, huku wewe umesimama juu yake unamhimiza. Watacheka, watatoka jasho, na watakuwa wamejua wenyewe jambo ambalo hotuba yako isingewafikishia.

Halafu kila mtoto amshike mzazi wake mkono ampeleke anapopapenda, penye maji, kwenye kamba, kwenye vifuniko. Baba wa tai mwache akamiminiane maji na mwanawe, na tai ikilowa, usikimbilie kitambaa. Wale wakubwa wanaokwenda darasa la kwanza, ambao mwalimu ameona mikono yao iko tayari, wakitaka kuandika majina yao waandike. Penseli si sumu, Babu Gia. Ina wakati wake, na mwenye kuuona wakati huo unamlipa mshahara, muulize yeye.

Sikudanganyi kwamba wote watabaki. Yule wa tai anaweza kuvuka barabara na mwanawe, na wengine wakavuka naye. Msindikize hadi getini, muage vizuri, na mlango usiufunge kwa nguvu. Watoto unaweza kuwapata tena. Mwalimu anayebomoa wiki yake nzima kwa ajili ya konokono, ukimpoteza, utazeeka ukimtafuta, na utabaki kumsimulia kama unavyosimulia mipaka.

Mwisho, lile shati. Mjukuu usimsimamishe mbele ya watu akufunge vifungo, nakujua, wazo limeshakupitia. Asubuhi hiyo mkeo mwache jikoni, kaa kitandani, mwite mtoto akufunge, naye achukue muda wake. Akiruka kimoja asikione, na wewe usikione. Toka hivyohivyo, upande mmoja juu na mwingine chini, simama mlangoni upokee wageni. Yule baba akikuuliza mbona shati lako limekaa vile, mwambie limefungwa na mkono ambao karibu utajua kuandika.