Tarumbeta Langu Limenilipia Chuo cha Uuguzi

Shangazi Verna mpendwa,

Nisaidie kabla sijaiharibu furaha yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nasoma uuguzi hapa San Antonio, mwaka wa kwanza, na ada yote inalipwa na jeshi kwa kuwa nililitumikia, na naupenda uuguzi kiasi kwamba naamka kabla ya saa kulia, napenda hata harufu ya wodi, lakini shangazi, jeshini sikubeba majeruhi wala sikupelekwa vitani, nilikuwa kwenye bendi, nikipiga tarumbeta kwenye magwaride na maziko ya askari, basi. Wiki iliyopita mwenzangu Yesenia, anayehudumia mkahawani kila jioni ili ajilipie masomo, aliniambia, "Kumbe wenzio walipigwa risasi, wewe ulipiga muziki! Shoga, hata mimi najua kupiga mluzi, nisemee kwa jenerali!" Tukacheka sote, mimi kuliko wote, kisha nikaenda kujifungia chooni nikijiuliza fedha hizi ni haki ya nani, maana nawakumbuka waliorudi bila miguu, na sasa nataka kupiga simu jeshi lisitishe malipo, ingawa nikifanya hivyo sina njia nyingine ya kubaki chuoni.

Halafu juzi, kwenye mafunzo wodini, nilikabidhiwa Mzee Tidwell, askari wa zamani aliyepasuliwa nyonga, ambaye alikuwa amegoma kutoka kitandani na amewafukuza wauguzi wawili. Nikakunja ngumi mdomoni kama tarumbeta, nikaupiga ule wito wa kuamsha kambi.

"Nani huyo mshenzi?"

"Ni mimi, mzee. Amka, gwaride linakungoja."

"Noti ya mwisho umeiua, binti."

"Basi simama unirekebishe."

Akasimama! Akajikongoja hadi dirishani akinitukana njia nzima, wodi ikapiga makofi, nikalia kwa furaha, na papo hapo aibu ikanirudia. Je, niache?

Mpiga Tarumbeta

*

Mpiga Tarumbeta,

Weka simu chini. Umeweka? Haya, tuongee.

Pole kwa kuwa na moyo unaojihoji hata katikati ya makofi. Lakini umenichosha, binti yangu. Ulipokula kiapo uliahidi kwenda popote watakapokutuma. Wakakutuma makaburini, ukaenda. Sasa nani kakuambia uchague upya wewe ulistahili kutumwa wapi?

Tulipomzika kaka yangu, naye askari, mvua ilikuwa inanyesha, na mama aligoma kushuka garini. Tulimbembeleza, wapi! Kisha msichana mmoja, simjui jina hadi leo, glavu zake zimelowa chapachapa, akainua tarumbeta. Mama akafungua mlango mwenyewe, akaja akasimama nasi. Na wewe unaniandikia "basi"!

Malipo yaendelee, na usome mpaka uvae sare ya muuguzi. Yesenia mpeleke mkale taco asubuhi, umwambie utani wake ulikuchoma. Atakuomba radhi huku akikutania tena, ndivyo marafiki walivyo. Jioni zake ni za kazini, basi wewe mwandikie vizuri yale anayokosa kuyasoma, msaidiane mfaulu wote wawili.

Kesho rudi kwa Mzee Tidwell. Ile noti ya mwisho ifanyie mazoezi usiku huu, maana dirishani ameshafika. Kilichobaki ni korido nzima.

Shangazi Verna