Khalati Amecheka, na Damu Yake Iko Maabara

Mama yangu,

Mola akulaze penye nuru. Naanza na dua kabisa, maana nikishaingia kwenye habari zenyewe sitatulia.

Khalati Mwanaesha amecheka. Mdogo wako huyo, aliyelala ameelekea ukutani huko Mbwajumali tangu tulipokuzika, juzi alicheka mpaka akashika mbavu, eti mbuzi wa jirani amekula ukili aliokuwa akisuka.

Wakati wako sikuelewa, Mama. Watu walisema una jini, wengine wakasema imani imekupungua, nawe hukukosa sala. Asubuhi moja nilikuuliza mbona huinuki kupika chai, ukaniambia, "Ndia ya jikoni naijua, mwanangu. Miguu ndiyo haiijui." Nikapika mwenyewe, tukanywa. Presha ikakuchukua kabla sijamaliza masomo ya uuguzi.

Sasa mimi ni muuguzi hapa Lamu, na nimeingia kwenye kundi la watafiti wa sonona. Ndilo jina lake, Mama. Kumbe ugonjwa wako una jina. Tunapima damu za wagonjwa, tunatafuta dalili: kama mwili unapigana kana kwamba una kidonda kisichoonekana, kama homoni za mfadhaiko zimepanda. Zikijulikana, huenda siku moja daktari akajua mapema dawa gani imfae nani, asibahatishe.

Nilimleta khalati. Dawa ya kwanza haikumsaidia, akawa anataka kurudi kwake. Nilipomfunga mpira mkononi akaniuliza, "Huzuni nayo huonekana kwenye damu?" Nikamwambia bado hatujui, ndiyo tunayoitafuta. Akanyoosha mkono. "Basi chukua. Laiti na dada angeulizwa."

Nilitafuta mshipa macho yamenijaa machozi.

Daktari alimbadilishia dawa, akawa anakaa naye wakizungumza kila alipokuja kliniki. Taratibu khalati akaanza kuoga bila kuambiwa, akala, akashika ukili. Daktari ananionya nisiseme kwamba damu ndiyo iliyotuonyesha dawa ya kumfaa. Utafiti haujafika huko. Najua. Lakini kila nikibeba vile vichupa kwenda maabara, natembea kama naenda harusini. Haukuwa uvivu, Mama. Haikuwa imani kupungua. Ulikuwa mgonjwa, na kuna watu wameamka leo wakaenda kazini kuutafuta ugonjwa wako.

Sasa nikuage, nina safari. Unamkumbuka jirani yetu Bi Fatuma, aliyekuwa akikuita mvivu mbele za watu? Jana alinipigia simu. Binti yake hali chakula, hasemi, hainuki kitandani. Nimemwambia asimseme mtoto, namfuata na boti ya kesho.

Nakuahidi, nitamleta kwa daktari, na nitamshika mkono yeye na mamake pia.

Mwanao,
Rukia