Kwa Mama Polepole, Msusi wa Wagonjwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache mchana kweupe, nywele zako zikiwa zimesukwa upande mmoja tu. Tumekaa sebuleni kukuandikia: Baba, mdogo wetu wa mwisho, na mimi mwanao wa pili, yule uliyekuwa ukisema mdomo wangu hauna breki. Dada mkubwa yuko jikoni. Amesema tuandike tunachotaka, ila yeye tusimtaje, kwa sababu hakuwepo ulipokata roho, na asiyekuwepo hana uso wa kujiweka mbele za watu. Tumemsikia. Lakini mdomo wangu unaujua.

Wengi walikujua kwa saluni. Pale mikono yako ilikuwa myepesi ajabu. Mteja aliyekuja na mabegi, anawahi safari, alitoka amesukwa kichwa kizima na habari za mtaa mzima amezipata. Ila ukiitwa nyumbani kwa mgonjwa, mikono hiyohiyo ilikuwa mizito ghafla. Ulichambua nywele kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka, na mistari michache ikala mchana wote. Ndipo wakakupachika jina la Mama Polepole, na wewe ukalipokea bila kujitetea.

"Mbona saluni unakimbia, na kwa mama yangu unatambaa?" mshonaji wa jirani alikuuliza.

"Mama yako ana haraka ya kwenda wapi?" ukamjibu.

Sisi wa nyumbani siri yako tuliijua. Ukifika kwa mgonjwa, kabla hujashika kitana, ulimgeukia anayemuuguza na kumwambia, "Haya, wewe toka. Sipendi kusuka nikitazamwa." Uliusema uongo huo bila kupepesa macho, wakati saluni ulitazamwa kutwa. Mwenye mgonjwa akaenda kulala kwa jirani, au kukaa tu mahali ambapo hakuna anayemwita. Akirudi mapema, ulifumua mstari mmoja mbele yake, ukasema haukukaa vizuri, aje baadaye. Mshonaji alikuelewa siku aliporudi kimyakimya, akakuta mama yake amesinzia mapajani mwako, na kichwa kimeshakwisha zamani.

Hukuyaokota hayo barabarani. Uliuguza mama mkwe wako, bibi yetu, alipopooza, na hakuna aliyekuambia kwamba mtu mzima hageuzwi kwa kuvutwa mikono. Mgongo wako haukupona tena. Kwa hiyo siku ambazo saluni inafungwa, ulijaza mabenchi yake wenye wagonjwa. Ulimwalika nesi mstaafu awafundishe kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake, kumwogesha bila kumfedhehesha, kumlisha asipaliwe. Baba ndiye alikuwa mgonjwa wa mazoezi. Mara ya kwanza alilala kweli, akakoroma, na nesi akasema huyu amepona, leteni mwingine. Baba anasisitiza hadi leo kwamba alikuwa anaigiza. Tumeamua kumwachia.

Tena ulijua kila kitu kilipo. Kiti cha magurudumu kilichobaki kwenye nyumba iliyofiwa, ulikiomba kwa adabu na kwa wakati wake, hadi kikafika kwa anayekihitaji. Ulijua seremala yupi anatengeneza kiti cha choo kisichoyumba, na pale ofisi ya ustawi wa jamii ni mlango upi wa kugonga, na afisa gani husikiliza mpaka mwisho. Mwashi mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe alikuambia yeye ni mwanaume, haombi msaada. Ukamwambia, "Nani kakuambia uombe? Nimekuambia ubebe hiki kiti mpaka kwako." Akakibeba.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi zikakushinda, ukawa mtu wa kuinuliwa. Dada, mwalimu wa chekechea, akaomba likizo, akahamia chumbani kwako, na akawa yuleyule uliyekuwa ukimgombeza kwenye nyumba za watu. Alikula amesimama. Aliacha kupokea simu za wenzake. Sisi tukija kushika zamu, alisimama mlangoni kama msimamizi wa mtihani, na mwisho akatunyang'anya kijiko. Ulimtazama akikonda siku hadi siku, na sauti ya kumfukuza ulikuwa huna tena. Ulituambia mwenyewe kwamba hilo lilikuumiza kuliko ugonjwa. Uliogopa utaondoka na yeye.

Siku ile ya mwisho ukaomba aitwe msusi uliyemfundisha, ambaye sasa ndiye anayeshika saluni, aje akusuke. Alipofungua mkoba wake, ukamgeukia Dada.

"Toka kidogo, mwanangu."

"Mama, huo ujanja wako naujua."

"Kama unaujua, mbona bado umesimama?"

Dada akavaa viatu, akaenda kwa mwalimu mwenzake, mtaa wa pili. Akiwa huko, ulimwambia msusi apumzishe mikono, ukaegemeza kichwa kwenye mto na kufumba macho. Msusi alidhani umepitiwa na usingizi.

Msibani watu waliuliza, wengine kwa sauti ya kusikika: binti mkubwa alikuwa wapi? Miezi yote aliyokesha nawe hawakuiuliza. Swali lile amelibeba mwaka mzima. Wenye wagonjwa wakija kumwomba awaonyeshe namna ya kumgeuza mtu, anawaambia watafute mwingine, yeye wake alimwacha. Linatuuma, Mama, maana mikono yake inaijua kazi hiyo kuliko yetu sote, na watu wanarudi makwao bila msaada.

Juzi ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kwa yule mwenzake alivutiwa kiti, akawekewa sahani, akala hadi akamaliza. Kisha mwenzake akamsimulia kituko cha mtoto mmoja wa darasani kwao, na Dada akacheka mpaka machozi yakamtoka. Anaamini ilikuwa saa ileile.

"Mama anakata roho, na mimi nacheka," alisema.

Baba si mtu wa maneno mengi, wewe unamjua. Alimwambia tu, "Ndicho alichokutuma."

Basi waliouliza na wasome hapa. Binti yako mkubwa alikuwa ameketi, ameshiba, anacheka, na ni wewe uliyemtuma. Hukufa peke yako, Mama, na hukuachwa. Ulikuwa kazini. Katika nyumba zote ulizoingia, hakuna mwenye mgonjwa aliyekuwa mbishi kama huyu wa kwako, na bado ulimtoa.

Tulipofika hapo nilimwita kutoka jikoni, nikamsomea yote, pamoja na habari zake tulizokatazwa. Alifuta mikono kwa upindo wa kanga, akaichukua karatasi, akaisoma tena mwenyewe. Nikajiandaa kugombezwa.

"Kama mnaniandika," akasema, "niandikeni wa kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

Baba akasema hata tukimwandika Dada kabla yake yeye mume, hana neno.

Wanaokukumbuka ni binti yako mkubwa, aliyekuuguza, mumeo, mwanao wa pili, kitindamimba wako, wajukuu zako, msusi uliyemfundisha, na wenye wagonjwa wote uliowaambia watoke nje.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.