Kifungu cha Nne na Vikombe Viwili

Nyarugusu, Geita
Jumatano

Kwako mke wangu, Mama Minza,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kikohozi cha Minza kimekwisha. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio unaonipa tabu, na sababu yake unaijua. Naandika kwa kalamu kwa kuwa kwenye simu tunaishia kugombana.

Unakumbuka nilivyojivuna meneja aliponiteua mimi, mdogo kuliko wote ofisini, niandike masharti ya intaneti kwa wafanyakazi wetu wanaofanyia kazi nyumbani kama wewe. Nilisoma taratibu za kampuni za nchi nyingi, nikabishana na wenzangu asubuhi nzima. Wao walishikilia kwamba bando la simu linatosha kupokelea oda za wateja. Niliwashinda. Kifungu cha nne kikapita kama nilivyokiandika: intaneti ya simu hairuhusiwi, itumike ile iliyofungwa ndani ya jengo, na kila Jumatatu mfanyakazi atume picha ya meza yake, kipimo cha kasi kikionekana kwenye kompyuta.

Sikufikiri kwamba wa kwanza kukwama ungekuwa wewe, hapo Mhunze, wala kwamba jirani pekee mwenye intaneti ya namna hiyo ni Bwana Shija, muuza dawa za mifugo, mtu asiye na mke na mwenye maneno matamu.

Picha hizo, unazozipiga nyumbani kwake, huletwa mezani kwangu. Ya kwanza ilionyesha kompyuta na kikombe cha chai. Ya pili, vikombe viwili. Jumatatu hii, vikombe viwili na kofia yake ya pama, kando ya daftari lako. Kasi ilikuwa nzuri mno. Sijawahi kuchukia tarakimu kiasi hicho.

Nilipokupigia ulicheka. "Baba Minza, si wewe uliyekataza intaneti ya simu? Ulitaka nikakae juu ya mnara? Mwenye nyumba anakunywa chai kwake, nimfukuze?"

Nilifoka, kisha nikakata simu.

Sikutuhumu, mke wangu. Lakini mwanamume huyo anakuona unavyokunja uso ukitafuta neno, na hilo nililihesabu kuwa langu peke yangu.

Jana nilirudi kwa meneja kuomba kifungu kile kifutwe. Akaniuliza, mbele ya wale wale niliowashinda, "Sasa hoja zako nani atazijibu, msomi?" Walicheka sana. Nikazijibu mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi wakakubali. Kuanzia Jumatatu, intaneti ya simu inakubalika mradi kazi haikatiki. Nimeomba pia likizo ya wiki moja, nimepewa.

Mfikishie mayu, mama yako, shikamoo yangu. Shemeji yangu fundi baiskeli mwambie aihamishie meza yetu dirishani, pale simu inaposhika vizuri. Bwana Shija mshukuru kwa ukarimu wake, kwa kifupi.

Nitafika Jumapili. Picha ya Jumatatu ipigwe hapo dirishani, na vikombe viwe viwili.

Mumeo,
Baba Minza