Mke wa Kwenye Picha

Laini ya Juu, shamba la kahawa,
Oldeani, Karatu

Kwa mke wangu Mama Elisha,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu bado unaipokea. Hujambo? Watoto hawajambo? Kifua cha Elisha kimepoa, au bado anakohoa alfajiri? Baba mkwe na mama mkwe wanaendeleaje? Nauliza yote haya kwa sababu barua yako haikunieleza hata moja. Ilikuwa na mistari mitatu tu. "Nimesikia umeoa. Nimerudi kwa baba na watoto. Wazee watakaa tukimaliza kupura mtama." Nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Mimi mwili ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi ya huku, na tangu Jumanne ilipofika barua yako chakula hakipiti.

Unajua niliishia darasa la nne na kuandika kunanichosha kuliko jembe. Lakini leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha, maana nikikuambia nusu utasema nusu nyingine nimeificha, na utakuwa umesema kweli.

Mwezi uliopita walikuja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam, magari mawili, wakafikia kwenye loji kule juu ukingoni mwa kreta. Loji ni tupu siku hizi. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, watalii wamekuwa wachache mno, kwa hiyo meneja aliwapokea kama ndugu zake. Walikuja kutengeneza picha. Wanasema kuna picha ya zamani ya Wazungu, ya mtu na mkewe ambao wote wawili ni wapelelezi. Mtu ameuawa, polisi wameshindwa, basi hao wawili wanamtafuta muuaji huku wanataniana na kugombana kama wako jikoni kwao. Hawa wa Dar wanataka kuicheza upya kwa Kiswahili, iwe ya watu wa siku hizi. Mume ni polisi mstaafu, mke ni mwalimu, wamekuja kupumzika Ngorongoro, na mnunuzi wa kahawa anapotea kwenye ukungu.

Walikuwa na waigizaji wao, mwanamume na mwanamke wazuri wa kutazama. Lakini mkuu wao, Bwana Shomari, mtu mfupi anayevaa sweta mbili kwa pamoja, aliwakataa. Siku hiyo nilipelekwa kushusha kuni pale loji, nikamsikia kwa masikio yangu. "Mnaongea kama mnasoma taarifa ya habari!" akawaambia. "Mimi nataka watu waliogombania chumvi miaka kumi!"

Basi tangazo likaletwa mpaka huku shambani. Kila mume na mke wanaojua kusoma waje Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, wajaribiwe. Na waje na barua ya balozi wa nyumba kumi, yenye mhuri, kuthibitisha kwamba ni mume na mke kweli, kwa sababu kwenye picha wanakaa chumba kimoja, na Bwana Shomari hakutaka mume wa mtu aje na rungu katikati ya kazi. Meneja wa loji naye akaongeza neno lake. Watakaochaguliwa, picha ikiisha, atawaajiri. Mume atafanya bustani, mke atafua mashuka. Na watapewa nyumba, vyumba viwili, bati juu, jiko la nje.

Mama Elisha, niliposikia vyumba viwili akili yangu ilisimama hapo hapo. Mwaka wa tatu huu tunalala wanaume sita chumba kimoja, na shamba haliruhusu mke kukaa huku laini, kwenye kambi ya vibarua. Kila ulipoandika "lini utatuita?" nilijibu "karibuni", nikijua ni uongo. Nikapanga hivi: nipate nyumba kwanza, kisha nikulete wewe na watoto. Nilisema nina mke hapa ili nipate pa kumweka mke wangu. Ukisoma hapo ulipo unaona ni upumbavu. Mimi wakati ule niliona ni akili.

Huyo mwanamke waliyekusimulia anaitwa Mama Safari. Ni mjane wa Endamarariek, Mmbulu, anachuma kahawa mstari wa pili kutoka kwangu. Ana nyumba yake na mama mkwe wake, nyumba ya loji hakuitaka. Alitaka ile kazi ya mashuka tu, aachane na debe la kahawa linalomvunja mgongo. Tulipatana hivyo, yeye kazi, mimi nyumba. Sijawahi kufika kwake na yeye hajawahi kuingia kwetu. Daudi, mtoto wa jirani yetu, analala kitanda cha pili kutoka changu. Muulize.

Balozi wa hapa ni Mzee Bura. Huyu mzee haandiki kitu asichokiona. Ukitaka kibali cha kusafirisha mbuzi, mbuzi aletwe. Tulipomwendea akatutazama sana, akasema, "Sijawaona mkioana. Nitaandikaje?"

Mama Safari akamwambia, "Mzee, wewe ulimwona mkeo akiolewa nawe, na nani alikuandikia?"

Mzee akacheka, akasema basi, atatuona kuwa watu wanaoishi pamoja kwa namna moja tu: tukila sahani moja mbele ya mashahidi. Ukaletwa ugali na mboga ya kunde. Mashahidi walikuwa mke wa balozi na Daudi, ambaye nilimwambia mapema kwamba ni mchezo wa picha. Nikamega tonge. Mama Safari akanipiga mkono. "Usimege kubwa hivyo, mume wangu, utaniaibisha kwa balozi!" Daudi alicheka mpaka akapaliwa. Balozi akaandika, "Nimewaona wakila pamoja kama mume na mke," akagonga mhuri. Tukaona tumeshinda.

Jumamosi darasa lilijaa. Wengine walining'inia madirishani, hata Wamasai waliokuwa wanapita kwenda mnadani walisimama kutazama. Bwana Shomari alitupa karatasi. Pale kwenye karatasi mke ameokota kifungo cha koti, na kwa kifungo hicho ameshamjua muuaji, lakini hamwambii mumewe. Anamwacha atafute. Tukaanza kusoma. Mmasai mmoja dirishani akasema kwa sauti, "Hawa si wa boma moja. Tazama wanavyosimama!" Watu wakaangua kicheko.

Bwana Shomari akasema, "Mzee wa dirishani ana macho. Wewe bwana, mbona humtazami mkeo? Weka karatasi chini. Gombana naye kama nyumbani."

Nikaweka karatasi chini. Ndipo nikamkumbuka yule beberu wetu aliyepotea. Unakumbuka nilivyozunguka siku tatu, nikauliza vijiji vyote, nikarudi miguu imevimba, nawe unapepeta mtama kwenye ungo, ukasema bila hata kuinua kichwa, "Umeuliza kila mtu. Umeviuliza viatu vipya vya mdogo wako?" Nikakuambia ulijua tangu siku ya kwanza! Ukasema, "Nilijua. Nilikuacha uchoke kwanza, usije ukampiga."

Basi Mama Safari akajifanya ameshika kile kifungo, akasema la kwenye karatasi, "Umeshawauliza wageni wote?" Mimi nikakuona wewe na ungo wako. Nikamtazama, sauti ikanitoka yenyewe. "Kumbe ulijua! Miguu yangu imevimba, na wewe ulijua tangu siku ya kwanza, Mama Elisha!"

Darasa zima likapiga makofi. Bwana Shomari alisimama juu ya dawati. "Hao ndio! Hao ndio!" Halafu akatazama barua ya balozi, akakunja uso. Mtu anayetengeneza picha za upelelezi naye ni mpelelezi. "Hapa pameandikwa Mama Safari," akasema. "Elisha ni nani?"

Mama Safari ni mwepesi wa ulimi, akajibu kwa ajili yangu. "Ni mtoto wetu mkubwa, yuko kwa bibi yake."

Hapo ndipo nilipokukosea, mke wangu. Si kwa balozi, si kwenye ule ugali. Watu darasani walitabasamu, Bwana Shomari akaniuliza, "Kweli?" nami nikaona vyumba viwili na bati juu, nikatikisa kichwa kukubali, tukachaguliwa, tukaambiwa tusubiri kuitwa. Mtoto uliyemzaa kwa siku mbili, hata mkunga akakata tamaa, nikampa mwanamke mwingine mbele ya darasa zima, kwa sababu nilikuwa nakutafutia nyumba.

Daudi alikuwa amekaa dawati la nyuma. Nilimwona. Hakucheka tena. Hakunisemesha njia nzima, na Jumatatu akapata ruhusa ya msiba, akaja huko. Kwa hiyo usimwite Daudi mwongo mbele ya wazee. Alichosema alikisikia kwa masikio yake.

Barua yako ilinikuta wiki mbili baadaye, juzi Jumanne. Siku hiyo hiyo niliacha debe katikati ya mstari, nikapanda mpaka loji kwa miguu. Bwana Shomari alikuwa anakunywa chai na watu wake na meneja. Nikasema pale pale, wamesimama wahudumu na wapishi, kwamba Mama Safari si mke wangu, na Elisha mama yake yuko Iramba, jina lake Naomi. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Sasa ndiyo umeongea kama mume wa mtu. Lakini umechelewa kwangu, na huenda umechelewa na kwake." Amewachukua mume na mke wa Kansay, ambao watu wanasema walianza kugombana tangu getini, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyesahau barua ya balozi. Nyumba itakuwa yao. Mnyapara naye ameniandika kwamba nilitoroka kazini, na ruhusa sina mpaka kahawa iishe.

Mama Safari alinijia akiwa amejaa hasira, na ana haki. "Umeninyang'anya mashuka yangu," akaniambia. "Ungesema kweli siku ile, tungecheka tukaenda nyumbani. Wewe umesubiri mpaka nimeshamuaga hata mnyapara." Kisha akauliza, "Mkeo amesemaje?" Nikamwonyesha ile mistari mitatu. Akaisoma, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Twende kwa Mzee Bura."

Mzee alitugombeza kwanza, ukuta ukatetemeka. Nikamwomba aifute ile barua. Akasema, "Mhuri nilioupiga haufutiki. Lakini nikiona kingine, nitaandika kingine." Akamwita mkewe tena, na badala ya Daudi akawaita majirani wa nyumba zote kumi. Tukapewa ugali, safari hii sahani mbili, mimi upande wa mlango, Mama Safari upande wa jiko. Tukala watu wote wanatutazama, hakuna aliyecheka. Mama mkwe wake alikuja pia, akakaa karibu naye, akala kutoka sahani yake. Sijawahi kumeza chakula kigumu kama kile. Mzee akaandika. Karatasi yake iko ndani ya bahasha hii, soma mwenyewe: "Nimewaona wakila mbalimbali. Mwanamume huyu ana mke Iramba. Alinidanganya, nami nilikubali kudanganywa." Mhuri umo.

Siwezi kuja mwenyewe sasa. Nikitoka bila ruhusa kazi imekwisha, na huko nyumbani sisi sote tunakula kwa mikono hii iliyopasuka. Basi nalo halina dizeli wiki ya pili sasa. Barua hii nampa dereva wa lori la ngano aifikishe Mbulu, na kutoka pale, kupitia Haydom mpaka kwenu, itapita kwa mikono ya watu. Lakini nikisikia kwamba wazee wamekaa bila kuisoma, nitaacha kazi na debe na kila kitu, nije kwa miguu kupitia Haydom, nifike nimekonda nisimame mlangoni kwa baba yako. Akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa mbele yake.

Nipelekee heshima zangu kwa baba mkwe, umwambie sijaomba anihurumie, nimeomba asomewe karatasi ya balozi. Msalimie mama mkwe anayewapikia watoto wangu. Msalimie mdogo wangu, mwenye vile viatu. Daudi naye msalimie, umwambie akirudi kitanda chake kiko pale pale na mimi sina ugomvi naye. Na Elisha mwambie baba yake alilitaja jina la mama yake kule loji, mbele ya watu, kwa sauti.

Mama Elisha, katika nyumba yetu mpelelezi ni wewe, mimi ni yule anayezunguka. Huenda hata kabla ya barua hii ulikuwa umeshajua mimi ni nani na sikuoa. Kama ulijua tangu siku ya kwanza na unaniacha nichoke kwanza, basi nimechoka. Inua kichwa kwenye ungo, uniambie.

Ni mimi mumeo,
Baba Elisha